Acheni nisome riwaya ya jumba la siri

Vakansi kubwa ikifika, nataka riwaya ya mapenzi ya zamani yenye jumba la mawe, dhoruba usiku na mlango mmoja usiofunguliwa. Hapa Lubumbashi mwezi wa saba ni wa baridi kavu, watu wanajifungia ndani mapema, na hata umeme ukikatika taa ya kuchaji inatosha kusomea.

Wapo wanaosema huko ni kupoteza wakati, eti aliyesoma ashike vitabu vizito. Naona hawajautazama uzito uliomo humu.

Chukua Jane Eyre, riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1847. Jane ni yatima anayemfundisha mtoto nyumbani kwa tajiri, kwa pauni 30 kwa mwaka. Ghorofa ya tatu amefungiwa Bertha, mke wa tajiri huyo, aliyetoka Jamaika. Kwa kumwoa, mume alipata pauni 30,000. Weka hesabu hizo mbili chini ya paa moja, uone kama mzimu unahitajika tena. Enzi hizo Mwingereza akiolewa, mali yake ilishikwa na mumewe, mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipoanza kumpa haki ya kumiliki vyake. Kinachokukosesha usingizi ni nani ana funguo, na msichana atakwenda wapi akifukuzwa.

Mama zetu wanalijua hilo. Kilio hakijaisha, ndugu za marehemu wameshamdai mjane funguo za nyumba, ingawa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inamlinda.

Na bado kwangu ni mapumziko kamili. Riwaya za namna hii zina ahadi: mlango utafunguliwa, siri itasemwa, msichana atatoka mzima. Kwa kuwa naiamini ahadi hiyo, naweza kukaa na hofu kwa raha zangu, jambo ambalo taarifa ya habari redioni hainiruhusu. (Maelezo marefu ya magauni nayaruka. Waandishi wa siku hizi wameyazidisha.)

Kinachoniuma ni Bertha. Hapewi nafasi ya kueleza kisa chake. Maisha yake tunayasikia kwa mume. Natamani mwandishi wa hapa atuandikie yetu: miaka ya ukoloni, mji huu ulipoitwa Elisabethville, nyumba ya matofali ya mkubwa wa kampuni ya shaba, dohani ya kiwanda na mlima mweusi wa mabaki vikionekana dirishani, na mwanamke aliyefungiwa juu ndiye anayesimulia, tangu ukurasa wa kwanza.