Mchambuzi wa Pamba, Fundi Stata

Agosti 2021 nilikuwa na miezi mitatu tu kazini Dodoma. Mchambuzi wa sera, lakini yule wa chini kabisa, anayeandika mihtasari na kuagiza chai ya kikao. Dada yangu akawa anafanyiwa sendofu nyumbani Bariadi. MC akanipigia: "Kaka, nitumie wasifu wako kidogo, nikutambulishe."

Alitaka mistari miwili. Mimi nikamtumia sivii nzima, kurasa tatu, ileile niliyoombea kazi. Ushamba wa ajira ya kwanza huo.

Siku yenyewe nimekaa meza ya familia, suti ya kuazima. MC akasogeza simu machoni, akavuta pumzi: "Mchambuzi!"

Ukumbi ukalipuka. Vijana wa meza za nyuma walidhani ni wale wa redioni, mmoja akapaza sauti kuuliza kama Simba wanabeba tena. Mjomba, aliyelima pamba tangu sijazaliwa, akaniinamia. "Kumbe Dodoma nako kuna kinu?" Kwetu Simiyu kinachochambuliwa ni pamba, basi.

"Hapana mjomba, nachambua sera."

Akafikiri kidogo. "Na mbegu zake mnapeleka wapi?"

MC hajamaliza. "Elimu: shahada ya uchumi! Ujuzi: Stata, kiwango cha juu!" Hapo niseme ukweli. Stata ni programu ya takwimu, na mimi nilijua kufungua data, kutafuta wastani, na amri moja ndefu niliyonakili kwa mwenzangu, ambayo mpaka leo nikikosea koma inanitukana kwa wino mwekundu. Kiwango cha juu niliandika kwa sababu kila mtu anaandika hivyo.

Halafu akafika kwenye mafanikio. Nilikuwa nalo moja tu: muhtasari wa kurasa mbili kuhusu athari za tozo kwa watu wa kipato cha chini. Sentensi ilikuwa ndefu, MC akaikata njiani.

"Mafanikio: tozo za miamala ya simu!"

Kimya. Hata jenereta nadhani ilishusha sauti.

Tozo zenyewe zilikuwa zimeanza Julai 15, hazijachuja hata kidogo. Shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa, juu ya makato ya kampuni ya simu. Na sendofu ile yote ilichangwa kwa simu.

Mama mkubwa, mhazini wa kamati, akasimama na daftari lake la jalada gumu. "Kumbe ni wewe?"

Nikaomba maiki. Ningesema tu kwamba niliandika zipunguzwe, ningeokoka. Badala yake nikaanza: "Kimsingi, tukiangalia unyumbufu wa mahitaji..."

"Kaa chini!" Sauti ya shangazi hiyo, aliyenilea.

Mama mkubwa akawa anateremsha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari, anapiga hesabu ya ninachodaiwa. Nikatoka nje kupunga upepo.

Nje nikakutana na dereva wa Noah ya maharusi. "Bosi, umetumwa na Mungu. Gari haiwaki. Nimesikia MC anasema wewe ni mtu wa stata, kiwango cha juu."

Nikamweleza kwamba ni programu ya kompyuta. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi. "Sema tu hutaki kuchafua suti." Mjomba naye akatokea na tochi, akanitetea: "Atatengeneza. Imeandikwa."

Nikainama kwenye ile injini nusu saa nzima, nikishika nyaya kwa hekima. Mwisho tukaisukuma. Suti nikairudisha na grisi kifuani, mwenyewe hasalimii mpaka leo.

Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Muhtasari wangu sidhani kama ulivuka mezani kwa bosi, lakini jioni ile simu ikaita. Mama mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesikia umeshusha thelathini."

"Mama, siyo mimi..."

"Umefanya vizuri, baba. Sasa hizo sabini zilizobaki unazitoa lini?"