Feka Chali

Sikumtabiria mtu kifo. Naliweka hili mbele kwa sababu pale Kabwe, Mbeya, bado wapo wanaonikwepa, na mama mmoja muuza magimbi akiniona napita huwa anamfunika mtoto wake kwa kitenge.

Nilichotabiri mimi ni mechi. Tena mechi ya kompyuta, ya vijana kumi waliokalia viti vizuri ukumbini, watano huku na watano kule, kila upande ukitafuta njia ya kubomoa minara ya mwenzake mpaka ufike kwenye ngome. Mchezo unaitwa League of Legends na una kombe lake la dunia kila mwaka. La 2024 lilianzia Berlin, robo na nusu fainali zikachezwa Paris, fainali ikapangwa Jumamosi tarehe 2 Novemba katika ukumbi wa O2, London. Sisi tulikuwa Mbeya, kwenye banda la gemu lililopakana na kibanda changu cha ufundi simu, tunachanga bando ili tuone.

Hatukubeti hela. Wenye kubeti hela wana mikeka yao na machozi yao. Sisi tulibeti zege, yaani chips mayai. Ukipatia mshindi, pointi moja. Ukipatia mshindi pamoja na matokeo yenyewe, pointi tatu. Mechi za mtoano ni za michezo mitano, anayefikisha mitatu kwanza kamaliza kazi. Kombe likiisha, aliye mkiani analinunulia banda zima zege na soda. Sheria hiyo iliandikwa hivyohivyo, “banda zima”, na kila mtu akaweka sahihi. Kumbukeni maneno hayo.

Ili mtu asije akageuka kesho akasema “mimi nilisema hivi”, utabiri wote uliandikwa kwa chaki kwenye ubao, na ubao ukaegemezwa nje ya kibanda changu. Mwandishi alikuwa dogo ninayemfundisha kazi, kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana haya. Utabiri ukitimia anauwekea alama ya vema. Ukigoma, mkasi. Sasa fikiria mpita njia asiyejua lolote, katika mji ambao kila nguzo ya umeme ina tangazo la mganga na kila kona ina bango la nabii, anakutana na ubao wenye maneno “HAWA WATAANGUKA IJUMAA”, na pembeni alama ya vema. Watu wakaanza kusimama. Mimi nikadhani mchezo unapata mashabiki.

Upande wangu utabiri ulikuwa unakwenda vibaya. Robo fainali niliwapa ushindi Hanwha Life, mabingwa wa ligi ya Korea ya kiangazi, wakatolewa na Bilibili Gaming wa China 3–1. Nusu fainali nikawapa Gen.G, ambao mwaka mzima walikuwa wanaifunga T1 watakavyo. T1 wakawatoa 3–1. Nikawa mkiani, na njia ya kutoka ni moja tu: nipatie fainali na matokeo yake.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. T1 ni timu ya Faker. Huyu ni Mkorea, Lee Sang-hyeok, kazaliwa 1996, bingwa wa dunia 2013, 2015, 2016 na 2023. Miaka 28 ni umri wa fundi kijana, lakini kwenye mchezo ule wenzake wengi wa zamani wameshastaafu. Mwaka wa nyuma yake mkono ulimsumbua mpaka akakaa nje mechi kadhaa, timu ikapepesuka. Na safari hii T1 waliingia kombe kwa kupenya mlangoni, nafasi ya nne na ya mwisho ya Korea. Upande wa pili Bilibili wamebeba ligi ya China misimu yote miwili, wana wachezaji kama Bin na Knight, na wametoka kuwapiga Weibo 3–0 kwenye nusu fainali. Dogo akanikumbusha kwamba kwenye kombe la dunia T1 haijawahi kufungwa na timu ya China katika mechi ya michezo mitano. Nikamwambia, “Historia haishiki kipanya.” Naipenda sentensi hiyo mpaka leo, hata kama ilinigharimu.

“Andika,” nikamwambia. “Jumamosi, Faker chali, tatu moja.”

Akaandika alivyosikia: JUMAMOSI FEKA CHALI 3–1. Chini yake, kwa hiari yake, akachora mtu amelala, macho yamefumbwa.

Ng’ambo ya barabara kuna duka la spea za pikipiki. Mwenye duka ni mtu mzima, mzee wa heshima zake, na jina alilopewa na wazazi hakuna anayelitumia. Zamani alikuwa anauza saa za mkononi Mwanjelwa, na kila mteja alikuwa akimuuliza, “Mzee, si feki hii?” Tangu hapo anaitwa Mzee Feka. Mke wake mwenyewe anamwita Feka.

Siku iliyofuata nikamwona amesimama mbele ya ubao kwa muda mrefu. Hakusema neno, akavuka barabara akafunga duka mchana kweupe. Kesho yake alianza kulipa madeni.

Hapa wasiomjua hawawezi kuelewa uzito wa jambo. Mzee Feka hulipa deni kwa kusukumwa, kusindikizwa na kupelekwa kwa mjumbe. Sasa anapita mwenyewe. Kamlipa muuza nyama. Kalipa kikoba, pamoja na faini. Kamrudishia bodaboda mmoja jeki ambayo bodaboda mwenyewe alikuwa ameshaisahau. Halafu akaja kwangu na hela ya kioo cha simu nilichombadilishia enzi hizo, noti zimekunjwa vizuri, akaziweka mezani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Akavuta kigoda. “Huo ubao wako. Hiyo tatu na moja, maana yake ni saa tatu na dakika moja?”

Mimi nimeinamia saketi, waya wa risasi unafuka, nikafurahi moyoni: mzee naye kaingia kwenye gemu! “Hapana, mzee. Tatu ndiyo za kummaliza. Hiyo moja ni ya kujitutumua tu.”

“Hawezi kuepuka?”

“Ataepuka vipi? Umri umeenda. Vidole vyenyewe havifanyi kazi kama zamani.”

Mzee akavitazama vidole vyake. Ana baridi yabisi, Mbeya nzima inajua.

“Na hao wanaomfanyia hivyo ni kina nani?”

“Wachina.”

Nilimsikia akimeza mate. Baadaye ndipo nilipojua kwamba katika madeni yake yote, moja lilikuwa limebaki, la Mchina wa jumla anayemletea cheni na breki.

“Jumamosi saa ngapi?”

“Kuanzia kumi na moja jioni. Karibu, mzee. Njoo na mama.”

Akaniangalia kama anayetaka kunikumbuka vizuri, akasema “Ndaga”, asante ya Kinyakyusa, akaondoka.

Jumamosi alikuja. Amevaa suti, tena suti ya harusi, maana suruali ilikuwa inafungwa kwa kipini. Nyuma yake mkewe, kanga mbili. Nyuma ya mkewe mzee wa kanisa na Biblia. Nyuma ya mzee wa kanisa kaka zake wawili kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Nikasema moyoni, huu sasa ndio ushabiki. Tukawapisha mabenchi ya mbele.

Mchezo wa kwanza Bilibili waliwatembezea T1 kipigo cha haraka. Watangazaji Waingereza wanapiga kelele “Faker! Faker!” na kila Faker akianguka, mke wa Mzee Feka anashika kichwa: “Yesu wangu, wamemshika!” Mimi, kwa kuwa nimewabeti Wachina, nashangilia kwa mikono miwili. “Muueni! Msimwache atoke! Mzunguke kwa nyuma!” Mzee Feka akageuza shingo taratibu kuangalia nyuma yake.

Sauti ya mama ilifika barabarani. Majirani wa kwetu hawasubiri kuelezwa: wakisikia kilio, wanakuja, na wakija hawaji mikono mitupu. Mchezo wa pili ukiendelea (huo T1 walishinda, moja moja) nje ya banda kulikuwa na kuni. Wa tatu ulipoanza kulikuwa na sufuria, turubai, na kijana mmoja ana daftari la rambirambi. Mwenye banda akasogea kuniuliza kama nimeandaa shughuli. Nikamwambia aniache, kwenye gemu kuna vita mtoni.

Mzee wa kanisa alikuwa mtu makini. Akaniinamia sikioni. “Kijana, huyu Feka tangu tuanze amekufa mara ngapi?”

“Mara kadhaa, mzee. Lakini anafufuka.”

“Baada ya muda gani?”

“Mwanzoni sekunde chache tu. Mchezo ukikomaa inaweza kufika karibu dakika nzima.”

Akafungua Biblia, akaifunga tena.

Bilibili wakachukua mchezo wa tatu. Mbili kwa moja. Umebaki mmoja itimie 3–1 yangu, zege linanukia, na mimi nikasimama juu ya benchi nikatangaza: “Nilisema! Iliandikwa! Bado moja tu, Feka kwisha!”

Banda likanyamaza. Mzee Feka akasimama, akavua kofia, akamgeukia mkewe.

“Mama watoto,” akasema. “Kwa kuwa Wachina wamebakiza moja, naomba nikwambie. Kule Chunya nina kiwanja. Kina nyumba. Ya bati. Na ndani yupo mtu… anaitunza.”

Mke hakulia. Ndiyo mara ya kwanza jioni ile alinyamaza kabisa.

“Mzee,” nikasema kutoka juu ya benchi, “kwani unadhani anayekufa ni nani?”

Akanyoosha kidole nje, kwenye ubao.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa mikono, nikamwonyesha Faker mwenyewe kwenye televisheni, na miwani yake, anakunywa maji. Dogo akasema yeye kaandika nilivyotamka. Kaka wa Tukuyu mmoja akaanza kucheka, akapigwa kiwiko na mwenzake. Mzee Feka akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Unageuza maneno kwa sababu umeona nimeleta ndugu.” Akaketi. “Tuangalie.”

Mchezo wa nne Faker alimchagua Sylas, mfungwa anayepigana kwa minyororo na ambaye kazi yake kubwa ni kuiba silaha za adui na kuwapiga nazo wenyewe. Nilipomweleza hivyo mke wa Mzee Feka, akajibu bila kugeuka, “Ndiye huyo huyo.” Nimeangalia mechi nyingi za Faker, na bado naona ile ya nne ni mojawapo ya zilizonichosha roho zaidi. Kila Wachina wakisogea, anatokea. Mbili mbili. Hesabu ya 3–1 ikafa pale pale, na ikawa mimi ndiye niliyeshika kichwa.

Kufikia mchezo wa tano hapakuwa na msiba tena na hapakuwa na anayeondoka. Wanawake walikuwa wameacha sufuria, wamejaa mlangoni. Faker akachukua Galio, jitu la mawe lenye mabawa, na kila mnara wa Wachina ukidondoka vilipigwa vigelegele nadhani vilisikika Mafiati. Ngome ilipobomoka, T1 mabingwa 3–2, kombe la tano kwa Faker, na yeye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mzee Feka alinyanyuliwa juujuu na suti yake, akazungushwa uwanja wa stendi, anapunga mkono.

Dogo hakusahau sheria. “Banda zima,” akasoma kwa sauti, akiwa amesimama karibu na turubai. Nikasema banda zima maana yake wachezaji. Mzee wa kanisa akaomba aone karatasi, akaisoma mara mbili, akasema maandishi yako wazi. Nikapendekeza basi tutumie rambirambi. Kijana wa daftari akanijibu kwamba fedha ya msiba haitoki bila maiti, na akaniangalia namna ambayo sikuendelea na hoja. Muuza chips alimaliza mayai, akaazima trei ya jirani, akamaliza na hiyo.

Jumapili mke wa Mzee Feka hakwenda ibadani. Alipanda Noah ya Chunya ya alfajiri na akarudi na funguo.

Jumatatu Mzee Feka alipita kwa kila aliyemlipa kudai hela zake zirudi. Muuza nyama alimcheka. Kikoba wakamwambia aandike barua. Kwangu alifika amekasirika kweli.

“Hela ya kioo, mwanangu.”

“Mzee, lile lilikuwa deni halali.”

“Nililipa kama marehemu,” akasema. “Mimi si marehemu.”

Tulikubaliana nimbadilishie betri bure. Alipovuka barabara tu, mkewe akaingia. Alikuwa amesubiri nyuma ya kibanda cha mkaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hao Wachina wanarudi lini?”

Nikamwambia kombe lijalo ni mwakani, Novemba kama hivi, na safari hiyo linachezwa China kwenyewe.

“Kwao kabisa? Vizuri.” Akatoa boksi la chaki kwenye kanga, akalisukuma mezani, akapunguza sauti. “Kuna shamba la parachichi Rungwe bado hajalitaja. Sasa safari hii andika 3–0. Ile moja ilimpa nafasi ya kupumua.”