Kitoto cha paka naye apige hodi

Hapa kwetu Unguja mtu hata awe ndugu wa damu haingii ukumbini kwako bila hodi. Atasimama mlangoni, atabisha mara tatu, na asipoitikiwa atarudi zake. Paka ndio tunaomfanyia vingine. Tunaokota kitoto Darajani au Malindi sokoni, tunamleta ndani ya pakacha, tunamuweka katikati ya ukumbi mbele ya paka aliyeishi nyumba ile miaka minane, kisha tunasema: "Waache, watazoeana wenyewe."

Mimi nasema hapana, na nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimeshalifanya.

Paka wangu mkubwa anaitwa Karafuu, kwa ile rangi yake ya karafuu iliyokwisha kuanikwa. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na ukumbi. Mara ya kwanza nilipoleta kitoto nilimtua mkekani mbele yake, nikakaa kutazama nikidhani nitaona mapenzi. Karafuu alisimama manyoya, akatoa ile "khhh" ya kooni, akaruka juu ya kabati na huko akahamia. Siku ya pili hakugusa hata kipande cha kibua. Usiku alishuka akakojoa juu ya godoro langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Jirani akanambia mpige kwa ukuti ajue adabu. Nilinyanyua mkono, nikamuona alivyojikunja pembeni ya ukuta, nikaushusha. Paka mzima asiyekula siku mbili tatu si jambo la kungojea. Ini lake huweza kudhurika, hasa akiwa mnene. Kitoto nikampelekea dada yangu Fuoni, na jioni ile ile Karafuu akala. Aliyekosa adabu nilikuwa mimi.

Nililolichelewa kulielewa ni kwamba nyumba ya paka haikujengwa kwa kuta. Imejengwa kwa harufu. Paka ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti, kwenye pembe ya mlango au kwenye muundi wako, anaandika: hapa ni kwetu. Karafuu kila asubuhi huizunguka nyumba nzima, chumba hadi chumba, anagusa pale pale alipogusa jana. Kuna hadithi ambayo wengi tumesomeshwa chuo cha Kurani, ya sahaba Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume kasema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia. Siku hizi nikimuona Karafuu katika mzunguko wake hulikumbuka neno hilo. Ukimtupia mgeni bila taarifa, mtoto mwenye harufu ya samaki na ya paka wengine ishirini, umemfutia maandishi yake yote kwa mara moja.

Na sisi tungepaswa kulijua hili kabla ya watu wengine wote. Sisi ni watu wa udi. Tunaijua nyumba ya mtu kwa harufu yake kabla hatujafika ngazini. Mgeni wetu tunamfukiza na kumpaka marashi ndipo moyo wake utulie. Vipi tushindwe kuelewa kiumbe anayetulia kwa harufu?

Basi kitoto cha pili, Kibua, nilipomleta, nilimuweka fungate. Sioni neno bora kuliko hilo. Nilimpa chumba cha pili, mlango ukafungwa, na beseni lake la mchanga, maji yake na kikapu chenye kanga chakavu. Siku saba hakutoka. Si kwa ajili ya mapenzi tu. Mtoto wa sokoni anaweza kuwa amebeba mafua ya paka, minyoo na viroboto, na magonjwa mengine hayaonekani siku ya kwanza. Daktari wa mifugo alimtazama, akampa dawa ya minyoo, akatupangia chanjo. Tafadhali msimuogeshe kwa ile dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe ikitiwa majini; kwa paka ni sumu, na yeye hujilamba mwili mzima. Na zile siku udi niliuacha. Moshi mzito haulifai pafu la paka, na tena ungefunika harufu ile ile niliyotaka waisikie.

Hodi yenyewe ilikuwa hivi. Nilichana kanga vipande viwili. Kimoja nikamsugua Kibua mashavuni taratibu, nikakiweka ukumbini, mbali na sahani ya Karafuu. Alikinusa, akafoka, akaondoka. Kesho yake alikinusa akakaa. Siku ya nne nilimkuta amekilalia. Kipande cha pili, chenye harufu yake yeye, alikuwa nacho Kibua kikapuni. Chakula nacho nikakiweka pande mbili za mlango uliofungwa, mwanzo kila mmoja mbali, kisha kila siku nikisogeza sahani kidogo, mpaka wakawa wanakula wakitenganishwa na ubao tu, kila mmoja akimsikia mwenziwe anavyotafuna. Harufu ya mgeni ikawa inakuja pamoja na dagaa. Paka hasahau kitu kinachokuja pamoja na dagaa.

Baada ya hapo nilifungua mlango kidogo tu, nikazuia kwa wavu. Halafu wakaonana uso kwa uso, dakika kumi, mimi nimekaa kati. Kabla ya kila mkutano nilimchezesha Kibua kwa uzi wa ukili mpaka achoke, maana mtoto anataka kurukia mkia na mkubwa anataka kulala. Karafuu alifoka mara nyingi. Mwacheni afoke. Kufoka ni maneno yake. Anasema ishia hapo, na mtoto anajifunza mpaka uko wapi. Ukimpiga kwa kusema, utamfundisha kunyamaza na kuuma. Kinachonitisha mimi ni ule ukimya: paka anayemkodolea mwenziwe bila kupepesa, anayemvizia, anayelala njiani ili asifike kwenye mchanga wake. Ukiona hayo, rudini mlangoni mwanze upya, wala si aibu. Sisi ilituchukua wiki tatu na siku kadhaa.

Nimeambiwa, na watu wenye akili zao, kwamba haya ni mambo ya wazungu, mbona paka wa Forodhani wanakaa makundi na hakuna aliyewawekea wavu? Watazameni vizuri. Makundi mengi ya namna ile huwa ni mama, binti zake na wajukuu, waliokua pamoja. Paka wa nje anayekuja huzungukazunguka pembeni kwa siku nyingi kabla hajakaribia sahani, na akifukuzwa ana mji mzima wa kukimbilia. Hodi wanapiga, sisi tu hatuwaangalii. Ndani ya nyumba ya ghorofa, Karafuu atakimbilia wapi? Ana juu ya kabati tu. Ndiyo maana paka wawili nimewawekea mabeseni matatu ya mchanga, sahani mbalimbali, na rafu moja ya juu ambayo Kibua hawezi kuifikia.

Na mkishawazoesha, wafungisheni uzazi. Paka jike wa miezi mitano anaweza kushika mimba, na miezi miwili baadaye mtakuwa na hodi nyengine nne.

Wapo watakaouliza kama sasa wanapendana. Sijui kama ni mapenzi. Hawalambani, hawalali wamekumbatiana kama tunavyoona kwenye picha. Jana alasiri Karafuu alikuwa dirishani anatazama chini barabarani, Kibua kajinyoosha mkekani, upana wa mkeka mmoja kati yao. Kibua akajigeuza usingizini, mkono wake ukagusa ncha ya mkia uliokuwa unaning'inia. Karafuu aliutazama ule mkono. Akauvuta mkia polepole, akauweka juu, akaendelea kutazama barabara.