Tupunguze hotuba, darasani na uwanjani

Asubuhi nafundisha hesabu, jioni nafundisha mpira watoto wa mtaani, na naona kazi hizi mbili zina ugonjwa mmoja: tunasema mno. Mwalimu anaeleza sehemu mpaka ubao unajaa, kisha, "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Muulize wa dawati la nyuma kati ya theluthi mbili na robo tatu ipi kubwa, utamwona anatafuta jibu usoni kwa jirani yake. Uwanjani nako kochi amewasimamisha vijana kwenye jua la Februari, jua letu la Mombasa mnalijua, anawahutubia kuhusu pasi na mpira kaubana kwapani.

Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde 1 tu, kisha humrukia mwingine au hujijibu. Waliojizuia hadi sekunde 3 walipata majibu marefu zaidi, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 ni nyingi mbele ya watoto hamsini wanaokukodolea macho, lakini zivumilie. Na uliza kwanza, ngoja, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, wengine wote wameshapumzika.

Kwa makochi namtaja John Wooden wa mpira wa kikapu, aliyekipa Chuo Kikuu cha UCLA ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975. Watafiti Roland Tharp na Ronald Gallimore walihudhuria mazoezi yake wakinakili mafunzo yake. Sifa zilikuwa chache. Sehemu kubwa ilikuwa maelekezo mafupi. Akisahihisha, alionyesha lililo sawa, akaiga kosa la mchezaji, akarudia lililo sawa, yote kwa sekunde chache, na mazoezi yakaendelea. "Fungua mwili kabla mpira haujafika" ni maneno mtoto anaweza kuyafanyia kazi. "Jitahidi, bwana!" hayamsaidii kitu.

Wala mbinu hizi si ngeni kwetu. Chuoni, yaani madrasa ya Kurani, maalim humwita mtoto mmoja mmoja asome alichohifadhi; akiteleza, anarudishwa papo hapo. Kule kuvuta jambo kutoka kichwani bila kutazama ndiko kunakolikaza. Watafiti Roediger na Karpicke walilithibitisha hilo mwaka 2006: baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Inaniuma kwamba mtoto yuleyule akifika skuli anageuzwa msikilizaji.

Mtaniambia madarasa yamejaa, na ni kweli. Basi kila mtoto aandike jibu kwa herufi kubwa na aliinue daftari juu, uone darasa zima kwa mara moja. Uwanjani wagawe wanne kwa wanne, champali ziwe magoli, badala ya foleni ndefu ambamo mtoto hupiga shuti moja akarudi nyuma kungoja. Mimi vipindi vyangu naanza na maswali matatu ya wiki iliyopita, vitabu vimefungwa, kila mtu na kalamu yake.