Ajue bei na masharti yake kabla ya kuaga ofisini

Makala niliyosoma inamshauri mhasibu anayependa usanifu wa picha aache kazi kwanza, ndipo asake wateja. Ningegeuza mpangilio huo. Hapa Tanzania, anayelipwa kwa mwezi anadaiwa notisi ya siku 28. TIN (namba ya mlipakodi) na jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, avikamilishe kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Kampuni nyingi hazilipi bila ankara yenye TIN, na zikilipa hukata kodi ya zuio, asilimia 5. Adai cheti cha makato hayo, maana huhesabika kwenye kodi yake ya mwaka. Hapo mhasibu anawazidi wasanii wengi wa mjini!

Kinachoumiza hasa ni marekebisho yasiyokwisha. Makubaliano yaandikwe: nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mawili, la tatu linalipiwa, na faili la awali, lile linaloweza kuhaririwa, halitoki mpaka hela imalizike. Kazi ya kuchapishwa Kariakoo iwe kwenye CMYK (mfumo wa rangi za wino), picha za dpi 300 (nukta kwa inchi), na milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kisile maandishi. Ikipelekwa kwenye RGB, mfumo wa rangi za skrini, bluu kali hutoka imefifia, na mteja hamlaumu mchapaji, anamlaumu msanifu.