Zanzibar 2015: uchaguzi uliofutwa bila ya mshitakiwa

Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya Wazanzibari kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alisoma kwenye televisheni tamko la kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar, yaani wa Rais, wa Wawakilishi na wa madiwani. Matokeo ya urais ya majimbo 31 kati ya 54 yalikuwa yameshatangazwa. Alitaja sababu kadhaa: kwamba wajumbe wa Tume walifikia hadi ya kutaka kupigana, kwamba baadhi ya vituo vya Pemba vilikuwa na kura nyingi kuliko wapiga kura walioandikishwa, kwamba vijana walivamia vituo, na kwamba chama kimoja kimejitangazia ushindi. Hizo ni tuhuma nzito, na zingethibitishwa ningekuwa wa mwanzo kukubali kwamba uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kusimama.

Hazikuthibitishwa. Kura zikizidi daftari, kuna msimamizi wa kituo aliyezihesabu, kuna mawakala wa vyama waliotia saini fomu ya matokeo, na kuna karatasi ndani ya sanduku zinazoweza kufunguliwa na kuhesabiwa tena mbele ya watu. Kijana akivamia kituo, yupo askari aliyekuwa akikilinda kituo hicho. Kila moja ya makosa yaliyotajwa ni jinai inayoacha alama na mashahidi, lakini hakuna kesi iliyopata kujulikana hadharani ambamo mtu alijibu mashitaka ya kuuharibu uchaguzi ule. Uchaguzi wa zaidi ya wapiga kura 500,000 ulifutwa, na mkosaji hakupatikana.

Katiba ya Zanzibar inataka uamuzi wa Tume uungwe mkono na wajumbe walio wengi katika kikao chenye akidi. Wajumbe waliotoka upande wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo, walijitokeza kusema kwamba hapakuwa na kikao kilichoamua jambo hilo. Waangalizi wa Umoja wa Afrika, SADC, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Ulaya, ambao walikuwa vituoni siku ya kura, walitoa tamko la pamoja kueleza wasiwasi wao juu ya hatua hiyo. Zaidi ya hayo, mtu yule yule aliyepanga foleni siku ile alipewa pia karatasi za kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano na mbunge wake. Kura hizo za Muungano, zilizopigwa siku hiyo hiyo na watu hao hao, zilikubaliwa, na John Magufuli akatangazwa mshindi siku moja baada ya tamko la Jecha. Sijapata maelezo yanayoniridhisha ni vipi mkono mmoja wa mpiga kura uwe safi na wa pili uwe mchafu.

Hata hivyo, tukiishia kwenye tamko lile tutakuwa tumeyaacha mambo mengi yaliyolitangulia. Vitisho katika uchaguzi wa Zanzibar huanza miezi mingi kabla ya Oktoba, kwenye ofisi ya sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji. Ili uandikishwe kuwa mpiga kura unahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ukaazi wa miezi 36 katika jimbo husika, na sheha akutambue. Sheha ni mteule wa serikali. Anaweza kusema hakujui, ingawa amekuona ukikua mtaani, na kwa neno hilo moja jina lako likakosa daftari. Hapo hakuna bunduki wala damu, ndiyo maana ripoti nyingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja, lakini mimi naliona ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu aliyeondolewa kwenye daftari hahesabiwi hata miongoni mwa walioibiwa kura.

Kisha wapo wale ambao wakaazi wa Unguja waliwaita mazombi: watu waliofunika nyuso, wenye silaha, waliotembea na magari wakati wa uandikishaji wa mwaka 2015 na baadaye, wakipiga watu mabarazani. Mzee anayekaa barazani kila jioni akizungumza na wenzake alijifunza kurudi nyumbani mapema. Kwa familia za Pemba zinazokumbuka Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, haihitajiki nguvu kubwa kuwatisha. Gari moja likipita polepole usiku linatosha.

Uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 20 Machi 2016. CUF iliususia, lakini jina la mgombea wake, Maalim Seif Sharif Hamad, liliachwa kwenye karatasi ya kura, na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, chama tawala, akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Linganisha na mwaka 2010, alipopata asilimia 50.1 dhidi ya mpinzani huyo huyo. Wananchi hawakuwa na pa kwenda kulalamika, kwani Katiba ilikuwa inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Marekani ilisitisha msaada wa dola milioni 472 kwa Tanzania kupitia shirika lake la MCC, na uchaguzi huo wa Zanzibar ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2020 Jecha mwenyewe alichukua fomu ya kuomba CCM imteue kugombea urais wa Zanzibar. Hakuteuliwa, lakini hatua hiyo iliwaambia wengi waliyokuwa wakiyashuku.

Mwaka huo huo ukaja utaratibu wa kura ya mapema, uliowekwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2018, ambapo askari na watendaji wa uchaguzi hupiga kura siku moja kabla ya wengine. Maalim Seif alikamatwa siku hiyo ya kura ya mapema. ACT-Wazalendo, chama alichokuwa amehamia, kilisema wafuasi wake wameuawa kwa risasi Pemba, na polisi wakakanusha. Tukarudi pale pale.

Ninachokidai si kipya. Sheha atolewe kabisa katika uandikishaji, na kazi hiyo ifanywe na watumishi wasioteuliwa na mmoja wa wanaoshindana. Kura zote zipigwe siku moja. Mahakama ipewe mamlaka ya kuupima uchaguzi wa Rais, kama Mahakama ya Juu ya Kenya ilivyofanya mwaka 2017. Na mwenyekiti wa Tume asiweze tena kuufuta uchaguzi bila ya kuwasilisha mbele ya jaji fomu, masanduku na majina ya waliotenda makosa.