Fedha za miti zinafika mvua zimeshakata

Jamani, hivi wanaotoa ruzuku za kupanda miti kandokando ya mito wanaijua kalenda ya mvua ya Kigoma? Huku bonde la Luiche mvua zinashika Novemba, Mei zimekata. Kikundi kinaandika andiko la mradi, kinapeleka katiba, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji wa kijiji. Halafu kimya. Fedha inaingia Juni, kiangazi kimeshakolea, na sharti ni itumike yote kabla ya mwaka wa fedha kuisha! Mche unachomekwa kwenye udongo mkavu, nani atamwagilia?

Na ripoti inauliza miche mingapi imepandwa. Mingapi iko hai baada ya mwaka, hakuna anayeuliza. Ndiyo maana watu wanakimbilia mikaratusi, inaota haraka na inapendeza kwenye picha. Mikaratusi kando ya mto, mti unaofyonza maji vile! Mikuyu na mizambarau ya porini, ambayo mizizi yake inashika kingo, inakosa wa kuiotesha kwa sababu hakuna fungu la kitalu wala la kupalilia.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa. Ila mama anayelima mchicha pale aache shamba, ale nini?

Fedha ya kitalu itoke mapema, miche ikue kiangazi, ipandwe Novemba. Na mlipie miti iliyo hai.